Jinsi ya kuandika AVOCADO bila kukosea: mwongozo kamili kutoka kwa fundi vibao wa Mwanza

Kosa langu lilikaa ukutani siku kumi na moja. Lilikuwa refu kuliko mtu mzima aliyelala, rangi ya kijani juu ya ukuta mweupe, na lilisomeka hivi: OVACADO JUICE. Kibanda chenyewe kiko upande wa Mabatini, na mama mwenye nacho alikuwa amenilipa fedha taslimu siku hiyohiyo, jambo ambalo mafundi wenzangu wanajua lilivyo adimu. Siku ya kumi na mbili akanipigia.

"Fundi, kuna wanafunzi hapa wanapiga picha ukuta wangu huku wanacheka. Umeniandikia nini?"

Nilipanda daladala nikaenda. Nikasimama mbele ya ule ukuta, nikausoma mara tatu, na sikuona kosa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi kuliko kicheko chenyewe. Mpaka kijana mmoja, kwa adabu kabisa, aliponiambia, "Shikamoo kaka, hiyo o ya mwanzo na ile a ya tatu zimebadilishana viti."

Tangu siku hiyo nimejitengenezea utaratibu, na sijakosea neno hilo tena. Nauandika hapa kwa ajili ya wenye vibanda vya juisi, mafundi vibao, vijana wa steshenari wanaochapa menyu, na yeyote anayejiandikia kwa chaki ubao wa bei. Nitakaa sana kwenye AVOCADO kwa sababu ndilo neno la tunda linalokosewa kuliko yote hapa mjini, halafu nitapita kwenye wenzake.

Hatua ya kwanza: Amua lugha kabla ya kufungua kopo la rangi

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja siku hizi si ukubwa wa kibao. Ni hili: nani atakisoma? Kama wasomaji wako ni abiria wa stendi ya Nyegezi na bodaboda wa Igoma, andika JUISI YA PARACHICHI, mambo yameisha. Hakuna atakayepotea. Kama kibanda kiko njia ya Capri Point, ambako wageni wanapita kwenda kupanda boti ya kisiwa cha Saanane, hapo Kiingereza kina kazi.

Lakini usidhani Kiswahili kinakuokoa na makosa. Sisi wa Kanda ya Ziwa, r na l hutupiga chenga mchana kweupe, na nimeona PALACHICHI kwenye mbao nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu. Neno linaanza na para, kama unavyoparamia mti wenyewe kulichuma tunda. Ukikumbuka kuparamia, r yako haitateleza.

Jambo moja zaidi kuhusu lugha: usichanganye ndani ya neno. AVOKADO yenye k ni tahajia ya Kiswahili, na haina ubaya ikikaa na JUISI. Inayoumiza jicho ni AVOKADO JUICE, mguu mmoja ndani ya mtumbwi na mwingine gatini. Chagua upande.

Hatua ya pili: Elewa sikio linakudanganya wapi

Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili ana zawadi kubwa ambayo inamponza akishika Kiingereza. Kwetu, ukisikia a unaandika a, ukisikia o unaandika o. Hakuna ujanja. Mwingereza hafanyi hivyo. Akitamka neno refu, silabi moja anaikazia na nyingine anazimeza, na ile irabu iliyomezwa inabaki kama mguno mfupi ambao si a, si e, si o. Kwenye AVOCADO anakazia CA. Ile VO anaimeza. Sisi tunausikia ule mguno, tunatafuta irabu ya Kiswahili inayoukaribia, tunaandika a. Hivyo ndivyo AVACADO inavyozaliwa.

OVACADO, lile la kwangu, ni ndugu wa pili. Hapo mtu anakumbuka vizuri kwamba kuna o mahali fulani mwanzoni, ila hakumbuki ni wapi, basi anaiweka mbele. Kuna na AVOCARDO, inayoandikwa na mtu aliyesoma Kiingereza kidogo zaidi: amejifunza kwamba sauti ndefu ya a mara nyingi huandikwa ar, kama kwenye CAR, akaichomeka r ambayo haikualikwa.

Dawa ni kuacha kumsikiliza Mwingereza. Lisome neno kama lilivyoandikwa, kwa Kiswahili kitupu, kwa sauti: a-vo-ca-do. Silabi nne, kila moja inaishia na irabu, kama maneno yetu mengi ya asili. Irabu zinapishana: a, o, a, o. Tunda hili lina tahajia ya Kiswahili kuliko matunda mengi ya Kiingereza, ila hatulioni hivyo kwa sababu tunalisikia kwanza kabla ya kulisoma.

Mbinu hii tuliitumia wote shuleni bila kuijua jina. Nani hakuwahi kujisemea we-dne-sday moyoni ili asikose WEDNESDAY kwenye imla?

Hatua ya tatu: Mkumbuke wakili

Hii nimeigundua kazini. Wiki chache baada ya aibu ya Mabatini nilipata kazi ya kibao cha ofisi ya wakili. ADVOCATE, herufi za dhahabu juu ya nyeusi, zile kazi ambazo ukikosea hapigi simu mtu, unaletewa barua. Nikaandika kwa penseli kwanza, nikarudi nyuma hatua tano, nikaona kitu: katikati ya neno kulikuwa na herufi nne nilizokuwa nimezikariri kwa uchungu. VOCA.

aVOCAdo. adVOCAte.

Nilidhani ni bahati tu. Kumbe si bahati kabisa. Jina la tunda lilitoka Mexico, kwenye lugha ya Nahuatl, ambako waliliita ahuacatl. Wahispania walipofika wakalisema aguacate. Lakini wakati ule lugha yao ilikuwa na neno jingine lililofanana nalo masikioni, avocado, lililomaanisha wakili, ndugu wa ADVOCATE wa Kiingereza, na yote mawili yametokana na Kilatini. Midomo ya watu ikaliburuta lile geni kuelekea lile walilolizoea, na Waingereza wakalipokea likiwa limeshavaa joho. Wafaransa mpaka leo wana neno moja, avocat, kwa wakili na kwa parachichi, na wanaelewana tu mahakamani na sokoni.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya ubao na mkono unasita, usijiulize ni a au o. Jiulize wakili anaandikwaje. Mji huu umejaa vibao vya mawakili, inua macho utakiona kimoja.

Hatua ya nne: Chaki, kamba, na herufi C katikati

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Usianze na rangi. Piga mistari miwili kwa kamba yenye vumbi la chaki, wa juu na wa chini, halafu tafuta katikati ya nafasi yako na uweke alama.

AVOCADO ina herufi saba. Herufi ya nne, iliyo katikati kabisa, ni C. Iandike hiyo kwanza, juu ya alama yako. Kushoto kwake kunakaa AVO, kulia kunakaa ADO. Angalia vizuri: pande zote mbili zinaanza na A na kuishia na O. Kinachotofautiana ni herufi ya kati tu, V upande huu na D upande ule. Ni kama mizani. Ukiona upande wowote hauanzi na A, futa. Ukiona upande wowote hauishii na O, futa. OVACADO isingepita hapa hata sekunde moja, maana kushoto ingesomeka OVA na mizani ingelala.

Kwa mafundi: A na V zikikaa jirani zinaacha pengo, kwa sababu moja inaegemea huku na nyingine kule. Zisogeze karibu kuliko unavyosogeza herufi nyingine. Na O zote mbili pamoja na C zipitishe mstari kidogo juu na chini, la sivyo zitaonekana ndogo kuliko wenzake hata kama umepima sawa. Hili halihusiani na tahajia, lakini neno lililopangwa vizuri linakaguliwa kwa urahisi. Herufi zikibanana ovyo, jicho linakata tamaa kuzisoma moja moja na linaanza kukisia.

Wingi wake ni AVOCADOS, unaongeza S tu. Mtu aliyezoea POTATOES na TOMATOES atataka kuchomeka E. Asichomeke.

Hatua ya tano: Usisahau JUICE

Wengi wanashinda vita ya AVOCADO halafu wanaangukia neno la pembeni. JUISE. JUCE. JIUCE. Hapa nakupa kanuni moja inayobeba maneno yote mawili. Herufi C ya Kiingereza ikifuatwa na a, o au u husomwa k. Ikifuatwa na e, i au y husomwa s. Katika AVOCADO inafuatwa na a, ndiyo maana unasikia ka. Katika JUICE inafuatwa na e, ndiyo maana unasikia s. Hivyo ile E ya mwisho, ambayo haitamkwi na ambayo watu huiona kama mapambo, ina kazi: ndiyo inayoilainisha C. Ukiitoa, neno lako linaishia na k.

Ile I ya katikati, sina kanuni ya kukupa. Soma ju-i-ce kwa Kiswahili, uikariri hivyo.

Matunda mengine, kwa jinsi yanavyonisumbua

PINEAPPLE ndilo la pili kwa fujo. Mananasi ya Geita yanaingia mjini kwa wingi, na kila kibanda kinataka nanasi kwenye orodha. Makosa ni PINAPPLE, PINEAPLE na PAINAPO. Livunje: PINE na APPLE. PINE ni jamii ya msonobari, APPLE ni epo. Zamani Waingereza walitumia neno hili kwa lile koni gumu la msonobari, kisha walipoliona nanasi, na magamba yake, wakaona limefanana. Kwa hiyo yaandike maneno mawili kamili bila kupunguza hata herufi na uyabandike pamoja. Herufi tisa, ya katikati ni A. Ile E ya PINE watu huitupa kwa kudhani A inatosha. Haitoshi.

WATERMELON ni rahisi kuliko inavyoonekana: WATER herufi tano, MELON herufi tano, neno moja, L moja. Kwa tikiti maji hatari ya hapa kwetu ni ileile ya r na l. WATERMERON nimeiona, na mwenye kibanda alikuwa akiitamka hivyohivyo kwa raha zake. Maji kwanza, yaani WATER, r yake mwisho. Kisha MELON, na hapo r haina kiti.

PASSION inanichekesha. Niliwahi kuletewa karatasi ya mteja imeandikwa FASHION JUICE. Nikamuuliza, "Mama, hii ni juisi ya nguo?" Akacheka mpaka akakaa chini. Pasheni limepewa jina na wamisionari waliokuwa Amerika ya Kusini, walioliona ua lake wakaona humo alama za mateso ya Kristo, taji la miiba na misumari. Mateso hayo kwa Kiingereza huitwa PASSION, yenye S mbili na I kabla ya O. Tunda lenyewe huandikwa kwa maneno mawili, PASSION FRUIT, na FRUIT nayo ina I isiyosikika, pacha wa ile ya JUICE. Ukiikariri moja umeikariri na nyingine.

GUAVA ni pera, na U inatangulia A. Hapa kuna mtego wa maana, si wa herufi: PEAR ya Kiingereza si pera letu. Ni pea, tunda jingine kabisa, na Wareno hilo ndilo huliita pera. Ukimwandikia mgeni PEAR JUICE ukamletea ya mapera, amekunywa asichoagiza.

TAMARIND, yaani ukwaju, watu huikata D ya mwisho. Usiikate. Neno limetoka kwenye Kiarabu, tamr hindi, tende ya India. Ukikumbuka Hindi, D ipo.

LEMON ni limau, LIME ni ndimu. MANGO haijawahi kumshinda mtu, na wingi wake MANGOES na MANGOS zote zinakubalika. BANANA ina A tatu, hakuna herufi inayorudiwa mara mbili kwa mfululizo. POMEGRANATE, komamanga, ukiitwa kuiandika lisome po-me-gra-na-te na usikubali kuweka I popote. STRAWBERRY ina R mbili mwishoni, na RASPBERRY ina P ambayo hakuna anayeitamka. Hizi mbili utakutana nazo kwenye mtindi na sharubati za chupa kuliko gengeni.

Na maadamu tuko kwenye mabango: duka la kuuza kalamu na daftari ni STATIONERY, yenye E. Yenye A inamaanisha kitu kilichosimama mahali pamoja. Nawaambia vijana wa steshenari kwa upendo, maana ndio wanaotuchapia menyu.

Hatua ya sita: Ukaguzi kabla rangi haijagusa ukuta

Kukagua kwa kusoma ni kujidanganya. Nilisoma OVACADO mara tatu nikaipitisha. Fanya hivi badala yake.

Soma kutoka nyuma, herufi moja moja, kidole kikigusa kila moja: O, D, A, C, O, V, A. Ukienda kinyumenyume, akili haina neno la kukisia, inalazimika kuangalia.

Kama unachapa kwenye kompyuta, andika kwa herufi ndogo kwanza. Programu ya kuandikia kama Word, ikiwa haijabadilishwa mpangilio, huyaruka maneno ya herufi kubwa tupu, kwa hiyo AVACADO inapita kimya bila ule mstari mwekundu chini yake. Andika avacado kwa herufi ndogo, mstari utatokea, urekebishe, ndipo ugeuze kuwa kubwa. Na neno likishakuwa picha, hakuna programu itakayolisoma tena kwa niaba yako.

Ukitafuta kwenye intaneti, usihesabu matokeo kama ushahidi. Andika ovacado kwenye simu, utaletewa picha nzuri za maparachichi, kwa sababu mtambo umeelewa ulichokusudia na umekusamehe. Angalia neno lilivyoandikwa kwenye matokeo, au kwenye kamusi, si kama matokeo yamekuja.

Mwisho, mpe mteja asome kabla. Si kwa kumuuliza, "Iko sawa?" Atasema ndiyo, ana haraka. Mwambie, "Mama, hebu nitajie herufi zake." Nami huwa namwomba aandike jina lake chini ya karatasi ile ya penseli. Siyo kwa ajili ya kesi, ni kwa ajili ya kumfanya aangalie.

Hatua ya saba: Kama kosa limeshatoka

Tuseme umechelewa kusoma haya. Usikimbilie kufuta ukuta mzima.

AVACADO inahitaji herufi moja tu, ya tatu. AVOCARDO inahitaji R itoke, na hapo utalazimika kusogeza DO, kwa hiyo kazi ni kubwa kidogo. Kama kibao ni cha stika zilizokatwa herufi moja moja, na kosa lako ni OVACADO kama la kwangu, una bahati: herufi zote sahihi unazo tayari. Pasha moto O ya kwanza na A ya tatu kwa mashine ya kukaushia nywele, zibandue taratibu kuanzia pembeni, zibadilishe nafasi. Hununui kitu.

Kwenye rangi ya mafuta haiwezekani kubadilishana. Piga msasa herufi mbili mpaka ule mnyanyuko wa kingo uishe, maana rangi nyeupe peke yake haiufichi. Pitisha rangi ya ukuta mara mbili, na uiache ikauke kabisa baina ya mkono wa kwanza na wa pili. Mvua za huku ziwa linapochafuka hazina taarifa, kwa hiyo angalia mawingu kwanza. Ndipo uchore upya.

Mimi msasa niliupiga kidogo kwa sababu ya haraka na aibu. Ukuta wa Mabatini sasa unasomeka AVOCADO JUICE, sawasawa kabisa. Ila jioni, jua linapopiga kwa ubavu kutoka upande wa ziwa, ile O ya zamani inaonekana imejichora nyuma ya A kama duara la glasi iliyowekwa juu ya meza yenye maji. Mama ameshaizoea. Nikipita ananiita, ananimiminia ya parachichi, na kabla hajanipa ananitaka nitaje herufi zote saba.

Naanza na C.